Mtaro unanuka, sisi tunahubiriwa

Mhariri, naomba nafasi kidogo. Juzi hapa Arua, Uganda, tuliitwa mkutano wa kijiji kuongelea mtaro uliojaa taka, mchungaji akapewa nafasi afungue kwa sala, basi nusu saa nzima tumesimama anatuambia nchi hii ni ya Kristo na asiyemtaka Kristo atafute kwingine. Jirani yangu Mwislamu, mama wa chapati, kasimama pale unga bado uko mikononi, anaangalia chini tu. Mtaro haukuguswa, mvua ikaanza watu wakakimbia.

Jamani, katiba ya 1995 kifungu cha 7 inasema wazi Uganda haitakuwa na dini ya serikali. Najua mtanijibu mbona kauli mbiu ya taifa ni Kwa Mungu na Nchi Yangu, sawa, lakini huyo Mungu hakuandikiwa dhehebu. Pale Mengo, makao ya mfalme wa Buganda, mwaka 1892 Wakatoliki na Waprotestanti waliuana, na wote wanasoma Injili ileile! Baadaye vyama vya siasa navyo hivyohivyo, DP (Democratic Party) ikaitwa ya Wakatoliki, UPC (Uganda People's Congress) ya Waprotestanti.

Mimi mwenyewe naimba kwaya, msinielewe vibaya. Ila mwenyekiti, ukiniita kwa mambo ya mtaro tuongee mtaro, mahubiri nitayafuata Jumapili.