CAN haifai kwenye jaruba lenye maji

Ndugu Mhariri,

Msimu uliopita niliagiza mbolea ya urea, nikapewa CAN, yaani kalsiamu amonia naitreti. Muuza pembejeo aliniambia, "Zote za kukuzia, mzee," nami nikamwaga mifuko minne kwenye majaruba yaliyojaa maji. Wiki mbili baadaye mpunga ulikuwa wa manjano vilevile. Jirani akasema nimerogwa.

Naomba nafasi niwaeleze wakulima wenzangu wa Usangu mbolea ile ilikokwenda.

CAN ina naitrojeni asilimia 26 hivi, na nusu yake ni naitreti, yaani naitrojeni iliyoshikana na oksijeni. Kwenye mahindi hiyo ni chakula tayari. Jarubani sivyo. Maji yakituama, oksijeni ya kwenye tope huisha upesi, na bakteria waliomo, ambao nao wanataka kupumua, huinyang'anya naitreti oksijeni yake. Kinachobaki ni gesi ya naitrojeni, ileile iliyo asilimia 78 ya hewa tunayovuta, na mpunga hauwezi kuila. Nyingine hutoka kama oksidi ya naitrasi, ambayo kilo yake moja huongeza joto la dunia takriban mara 270 kuliko kilo ya hewa ukaa. Fedha yangu ilitoka kwa mapovu.

Aliyenifumbua macho ni binti yangu, anayesoma mambo ya bahari. Anasema katika Bahari ya Arabuni, na katika Pasifiki mbele ya Peru na Meksiko, kuna tabaka nene la maji, kuanzia mita mia moja hivi kushuka hadi karibu elfu moja, ambalo oksijeni yake ni kama hakuna. Humo naitreti huishia kuwa gesi kama kwangu, na viumbe vya juu hukosa mbolea. Wako pia bakteria wengine, waliogunduliwa miaka ya 1990 katika majitaka huko Uholanzi, wanaounganisha amonia na naitraiti (ndugu wa naitreti mwenye oksijeni pungufu) zikawa gesi ya naitrojeni moja kwa moja. Nilicheka: bahari nzima ina tatizo la jaruba langu!

Urea ni afadhali kwa kuwa haina naitreti, ila nayo ina masharti. Ukiimwaga juu ya maji mengi, sehemu yake hupotea hewani kama amonia. Punguza maji kwanza, weka mbolea kwenye tope, kisha rudisha maji. Na usiliache jaruba likauke na kujaa tena mara kwa mara: likikauka oksijeni inaingia na naitreti inatengenezwa, maji yakirudi inageuka gesi.

Hapo ndipo penye ugumu, maana sisi tunapata maji kwa zamu. Unaweka mbolea leo, mfereji unafungwa kesho, unafunguliwa baada ya siku tisa. Nawaomba viongozi wa skimu ya umwagiliaji wapange zamu wakijua wiki ya kukuzia, na mabwana shamba waje kusema haya kwenye mkutano wa watumia maji kabla hatujanunua mifuko.

Mkulima wa mpunga,
Ubaruku, Mbarali