Risala ya Kikundi Chetu cha Kutetea Wanyama kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Mkutano Mkuu wa Mwaka

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, waheshimiwa viongozi mliofuatana naye, maofisa wa mifugo, walimu, wanachama wenzetu, mabibi na mabwana,

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutujalia uzima na kutukutanisha siku ya leo. Pili, tunakushukuru wewe binafsi, Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kwa kukubali mwaliko wetu licha ya majukumu mengi uliyo nayo. Huu ulikuwa mwaliko wa tatu kukuletea ndani ya mwaka mmoja, na kufika kwako kumetufuta machozi ya ile miwili ya kwanza.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, historia yetu ni fupi na hatutakuchosha nayo. Kikundi kilianzishwa na watu sita walioudhika kumwona ng'ombe aliyevunjika mguu akiburutwa kwa kamba hadi kwenye gari la kumpeleka machinjioni, na leo kina wanachama hai 31, katiba, muhuri na akaunti ya benki. Katika kipindi hicho tumepata mafanikio makubwa sana. Tumetoa elimu katika shule mbili, tumechapisha kipeperushi ambacho nakala zake chache bado zipo kwa Katibu, na tumebadilisha kabisa mtazamo wa jamii kuhusu kuwapiga wanyama wa mizigo, hususan katika mtaa anaoishi Mwenyekiti wetu.

Baada ya hayo, tunaomba kuingia katika jambo lililotufanya tukualike.

Sheria za kuwalinda wanyama dhidi ya ukatili si jambo la jana. Mwaka 1822 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kumwadhibu mtu anayewatesa ng'ombe, kondoo, farasi au punda, na mbwa alilazimika kusubiri hadi mwaka 1835 ndipo naye akakumbukwa. Sheria za namna hiyo zilimtafuta mtu aliyeshika fimbo. Hazikuwa na la kumfanya yule ambaye hakushika chochote, yaani hakushika fimbo, wala ndoo ya maji, wala chakula, akamwacha mnyama amefungwa mpaka akakauka. Ilichukua muda mrefu kukubalika kwamba kutotenda nako ni kosa. Mwaka 1965 kamati iliyoongozwa na Profesa Roger Brambell, iliyokuwa ikichunguza ufugaji wa ndani nchini Uingereza, ilisema kwamba mnyama anapaswa angalau kuweza kusimama, kulala, kugeuka, kujisafisha na kunyoosha viungo vyake. Kutokana na mawazo hayo, mwaka 1979 ziliandikwa zile haki tano ambazo wanafunzi wa shule zile mbili wanazisema kwa kichwa: mnyama asiwe na njaa wala kiu, asikose mahali pa kujistiri na kupumzika, asiachwe na maumivu wala maradhi, aweze kuishi kwa tabia za asili yake, na asiishi kwa hofu. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2006, inayotumika Uingereza na Wales, ilikwenda mbele zaidi kwa kumpa kila mwenye mnyama wajibu wa kumtimizia mahitaji yake, ili ofisa asilazimike kusubiri hadi mnyama ateseke ndipo achukue hatua.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tumeyasema haya kwa sababu kosa la kumtelekeza mnyama ni gumu kulithibitisha kuliko la kumpiga. Mshtakiwa karibu kila mara hudai kwamba mnyama alikonda kwa ugonjwa. Jibu la dai hilo linajulikana na madaktari wa mifugo, nalo ni rahisi. Siku mnyama anapochukuliwa, daktari humpima uzito, humpiga picha na kumpa alama ya unene, ambayo kwa mbwa huwa kati ya 1 na 9, na huchukua vipimo vya maradhi. Kisha mnyama hulishwa chakula cha kawaida na kupimwa tena kwa wiki kadhaa. Akinenepa kwa chakula na maji tu, bila dawa yoyote, yale madai ya ugonjwa hupungua nguvu mbele ya hakimu. Ila ili apimwe kwa wiki kadhaa ni lazima awepo mahali, na mahali hapo pasiwe kwa mshtakiwa.

Hapo ndipo sisi tunapokwama, kwa kuwa sheria inaruhusu mnyama anayeteswa achukuliwe lakini hakuna sehemu ya kumpeleka.

Tuna mfano mmoja ambao wanachama wengi waliomo humu waliushuhudia. Tulipewa taarifa ya punda aliyekuwa akibebeshwa mizigo kila siku huku akichechemea. Tulipofika na ofisa wa mifugo na kuliinua tandiko, lilinyanyuka na ngozi. Chini yake palikuwa na kidonda cha upana wa kiganja, na inzi walikuwa wamefika kabla yetu. Ofisa aliandika taarifa nzuri, picha zilipigwa, na punda akapelekwa uani kwa Mweka Hazina wetu, ambako alikaa siku kumi na moja akianza kupona. Siku ya kumi na mbili majirani walikuja na malalamiko ya kelele na harufu, malalamiko ambayo kwa haki kabisa hatukuweza kuyapinga, kwa sababu ule ni ua wa nyumba ya kuishi watu. Kwa kukosa pengine, punda alirudishwa kwa mwenyewe, ambaye ndiye aliyekuwa mshtakiwa, kwa ahadi kwamba angemtunza hadi shauri lisikilizwe. Shauri liliahirishwa mara tatu. Lilipofika kusikilizwa punda alikuwa amekufa, na mshtakiwa alieleza kwa utulivu mkubwa kwamba alikufa kwa homa. Hakukuwa na mtu aliyeweza kusema vinginevyo.

Kwa hiyo, Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ombi letu ni kipande cha ardhi chenye uzio, maji na mabanda machache, kitakachotumika kuwahifadhi kwa muda wanyama waliochukuliwa kwa mujibu wa sheria. Hatuombi mishahara, zamu za kulisha na kusafisha tumeshazipanga, na daktari wa mifugo amekubali kuja mara mbili kwa wiki. Eneo hilo litawafaa hata wale wanaotuambia kwamba tungeshughulikia kwanza shida za binadamu, maana mbwa aliyemng'ata mtu anatakiwa kuangaliwa kwa siku 10 ili ijulikane kama ana kichaa cha mbwa, na kwa sasa siku hizo mara nyingi huzimaliza akizurura.

Tunafahamu kwamba hoja ya kuongeza adhabu inapendwa zaidi majukwaani. Uingereza, mwaka 2021, kifungo cha juu kabisa kwa ukatili wa wanyama kilipandishwa kutoka miezi sita hadi miaka mitano, nasi tunaunga mkono adhabu kali. Hata hivyo, kifungo cha miaka mitano na cha miezi sita havina tofauti yoyote endapo kielelezo kimekufa kikiwa mikononi mwa mshtakiwa.

Ombi hili si geni. Mwaka juzi, katika ukumbi huuhuu, mgeni rasmi wa siku hiyo alitutangazia kwamba eneo lilikwishapatikana na kilichobaki ni karatasi. Mwaka jana mgeni rasmi mwingine alituahidi, kwa ucheshi uliotufurahisha wote, kwamba karatasi hizo angezileta mwenyewe. Tulipiga makofi mara zote mbili, na kumbukumbu za mikutano zinaonyesha hivyo. Barua nne tulizoandika kufuatilia zilipokelewa na kugongwa muhuri, na nakala zake zimo katika bahasha iliyo mbele yako pamoja na mchoro wa eneo lenyewe, ambalo hadi leo lina nyasi tu. Hatusemi haya kwa kulaumu, kwani tunajua wewe hukuwepo. Tunaomba tu kwamba safari hii tupewe tarehe badala ya matumaini.

Ombi la pili ni dogo, nalo ni kupatiwa orodha ya maofisa walioidhinishwa kumchukua mnyama, pamoja na namba zao za simu za kazini, kwa sababu taarifa nyingi hutufikia usiku.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, katika ratiba ya leo tumetenga dakika kumi baada ya hotuba yako kwa ajili ya kuandika yatakayokubaliwa. Pia tunaomba radhi kwa sauti mliyoisikia mlipokuwa mkiingia. Nyuma ya ukumbi amefungwa punda jike aliyechukuliwa juzi, na shauri lake halijapangiwa tarehe. Mlinzi wa ukumbi ametukubalia akae hapo hadi kesho asubuhi.

Tunaomba kuwasilisha.

Katibu, kwa niaba ya Kamati ya Utendaji