Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Utafiti: tusibaki na picha za juujuu

Mheshimiwa Mkurugenzi, shikamoo. Kwenye orodha ya vifaa vya mwaka ujao nimeona hadubini ya elektroni imebaki ila masaa ya skana ya eksirei, ile mikro-siti inayotoa picha ya ndani ya kitu kwa pande tatu, yamefutwa yote, eti kazi ni ileile. Naomba niseme wazi, kwa sisi tunaochunguza karatasi siyo ileile.

Hadubini ya elektroni naipenda, picha zake kali sana, lakini inaonyesha uso. Sasa karatasi ya kawaida ina unene wa kama mikromita 100 (mikromita ni sehemu ya elfu ya milimita) na humo ndani nyuzi za selulosi, yaani nyuzi za mmea, zenye upana wa mikromita 20 hadi 40 zimelaliana, zingine zimebonyea kama utepe zingine bado zina uwazi katikati, na uimara wa karatasi unategemea sana pale uzi unapogusa uzi mwenzake ukashikana. Hapo ni ndani kabisa!

Najua konfoko ipo, ile hadubini ya mwanga wa leza. Inachukua mwanga wa tabaka moja moja, kompyuta inayapanga, safi, ila karatasi imejaa hewa na mwanga unatawanyika kila unapovuka kutoka hewani kuingia kwenye uzi, ukishuka kidogo tu unaona ukungu. Ukiloweka kwenye mafuta yanayopinda mwanga karibu sawa na selulosi unaona chini zaidi, lakini hiyo siyo karatasi kavu tena. Na kuigandisha kwenye resini, ule utomvu unaokuwa mgumu kama plastiki, ukaikata vipande vyembamba nimefanya wiki nzima, kisu kikavuta nyuzi, picha zikakataa kupangana, na sampuli ndo imeisha hivyo.

Eksirei haikati kitu. Kipande cha milimita chache kinazungushwa, zinapigwa picha mamia hadi maelfu, unapata umbo zima kwa vokseli, yaani kijisanduku kidogo kabisa cha picha, ya mikromita 1 au chini yake, halafu unaongeza unyevu unaskani kipande kilekile uone nyuzi zinavyovimba.

Kwa hiyo naomba yarudi hata masaa machache kwa mwezi, pamoja na diski, maana skani moja ya vokseli 2,000 kila upande kwa biti 16 inakula gigabaiti 16, na mtu wa kutenganisha nyuzi kwenye programu, hiyo ndo kazi ngumu kuliko zote kwa sababu nyuzi zikishikana rangi yake ya kijivu kwenye picha ni moja, mpaka kati yake huuoni. Sampuli zangu ziko tayari, niite mbele ya kamati siku yoyote nije nazo.