Barua kwa Waziri wa Kaunti anayesimamia utamaduni, Mombasa: mamangu alinyamaza mbele ya mbuzi

Mheshimiwa Waziri,

Baada ya salamu. Juzi nilimpeleka mamangu na mwanangu wa miaka 8 katika jumba moja la makumbusho. Nyuma ya kioo palikuwa na mbuzi ya kukunia nazi. Mtoto akauliza, "Nyanya, hiki ni nini?" Mamangu, aliyeikalia mbuzi tangu usichana wake, alikitazama kile kibao cha maelezo ya Kiingereza, herufi zake kama punje za mtama, akasema polepole: "Mngoje babako akusomee."

Iliniuma. Mwenye elimu ya kitu kile alikuwa amesimama pale pale, na kibao kikamfunga mdomo.

Mtafiti Paulette McManus alisikiliza mazungumzo ya wageni katika Makumbusho ya Historia ya Asili, London, na mwaka 1989 akaeleza alichokigundua: hata watu ambao ukiwatazama ungedhani hawasomi, maneno ya vibao yalisikika katika mazungumzo yao. Basi anayeandika kibao ndiye anayewapa wageni maneno ya kuzungumza. Kikiandikwa "chombo cha jikoni, mbao na chuma", familia itasema nini zaidi ya hayo?

Nimeona pia kinyume chake. Ngomeni Fort Jesus, mbele ya merikebu zilizochorwa ukutani na Wareno, niliwakuta vijana wakibishana: milingoti ni mingapi, na aliyechora alikuwa akikumbuka kwao au alikuwa akingoja msaada? Hakuna aliyewafundisha kuuliza. Mchoro uko wazi, watu wanne wanaweza kuuzunguka pamoja na kila mmoja akanyoosha kidole.

Ombi langu, Mheshimiwa, ni kwamba utumie sauti yako kwa wote wanaopanga maonyesho mjini kwetu. Kiswahili kitangulie, tena Kiswahili chetu, kwa herufi kubwa na kwa kimo cha mtoto. Pawe na benchi, kwani mzee aliyechoka hasimulii. Na kabla kibao hakijachapishwa, kisomwe kwa sauti mbele ya kina mama wa mtaa wa Kibokoni, wakisahihishe.

Mbuzi ya zamani ibaki ndani ya kioo, sawa. Lakini kando yake iwekwe nyingine ya kukaliwa, na nazi iliyopasuliwa. Mwanangu akiikalia, mamangu hatanyamaza. Atamwonyesha namna ya kuizungusha nazi mkononi, na atamkataza asikune mpaka kwenye kifuu, chicha isije ikawa nyeusi.

Wako,
Mzazi, Mji wa Kale