Kaimu wa milele katika vitivo vya tiba

Mhariri,

Matangazo ya kazi ya vyuo vikuu vyetu vya umma huishia kwa maneno yaleyale: wanawake, watu wenye ulemavu na watu wa jamii zilizotengwa wanahimizwa kutuma maombi. Ninafundisha udaktari hapa Kisumu na sina ugomvi na maneno hayo. Kinachonikera ni vyeo vinavyojazwa miaka nenda miaka rudi bila kutangazwa popote.

Nazungumzia ukaimu. Katika kitivo cha tiba, mkuu wa idara ana usemi mkubwa kuhusu nani afundishe wadi gani, nani apewe likizo ya masomo, na jina la nani lipelekwe kwenye kamati ya kupandisha watu vyeo. Kiti hicho kikibaki wazi, hutoka barua fupi ya kuteua kaimu. Nionavyo mimi, mara nyingi barua hiyo humwangukia mwanamke, maana wakubwa wanajua kazi itafanyika na kelele hazitakuwepo.

Namjua mmoja, daktari wa watoto katika chuo ambacho sitakitaja. Ndiye aliyepanga zamu, akasaini vitabu vya wanafunzi, akapigiwa simu usiku daktari mwanagenzi alipokwama, na asubuhi akawa kwenye kikao cha bodi ya kitivo. Huko kila pendekezo lake lilijibiwa, "Tungoje mkuu kamili." Barua yake ilikuwa ya miezi 6. Ikaongezwa, ikaongezwa tena. Kiti kilipotangazwa hatimaye, akaambiwa hana makala za utafiti za kutosha. Angeziandika saa ngapi? Akapewa mwenzake wa kiume, naye mama wa watu ndiye aliyemwonyesha faili zilipo.

Sheria tunazo. Katiba ya Kenya ya 2010, Kifungu cha 27(8), inataka jinsia moja isizidi theluthi mbili katika vyombo vya kuteuliwa. Cha 54 kinataka, hatua kwa hatua, angalau asilimia 5 ya nafasi za vyombo hivyo ziwe za watu wenye ulemavu. Sheria ya Tume ya Utumishi wa Umma ya 2017 inaweka ukomo wa ukaimu kuwa miezi 6. (Mawakili watabishana kama inavibana vyuo vikuu. Wabishane, ila miezi 6 inatosha kumpata mkuu wa idara.)

Kuhusu makabila, Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008 inakataza jamii moja kuzidi theluthi moja ya wafanyakazi wa taasisi ya umma. Lakini hesabu hiyo humweka mpishi, mlinzi na profesa kapu moja. Chuo kinaweza kufaulu huku wakuu wa idara zake wote wakisalimiana kwa lugha moja ya nyumbani. Mwaka 2016 wanasiasa waliingia Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret, kumpinga Profesa Laban Ayiro aliyeteuliwa kaimu naibu chansela, kwa kuwa hakuwa mwenyeji. Kiti cha juu kina watu wa kukiandamania. Idara ya watoto au ya upasuaji haina.

Tukilalamika, tunajibiwa kwa jina la Profesa Miriam Were, mzaliwa wa Kakamega, aliyeongoza idara ya afya ya jamii katika Chuo Kikuu cha Nairobi na kupata Tuzo ya Hideyo Noguchi, tuzo ya Japani ya utafiti na huduma za tiba Afrika, mwaka 2008. Ni fahari yetu. Lakini chuo kinachomtaja yeye kila mwaka kinatuambia kwamba hakina wa pili.

Naomba mabaraza ya vyuo yenye vitivo vya tiba hapa Kisumu, Eldoret, Kakamega na Nakuru yachapishe kila mwaka orodha ya wakuu wa idara: nani amethibitishwa, nani ni kaimu, na barua yake ni ya tarehe gani. Pia kufundisha katika wadi na uongozi wa ukaimu vipewe alama wakati wa kupandisha vyeo, sawa na makala. Orodha hiyo haihitaji kamati wala mfadhili. Barua zote ziko kwenye faili za chuo.

Mhadhiri wa tiba,
Kisumu
(Jina limehifadhiwa)