Tarehe za kliniki zifuate mbalamwezi

Ndugu Mhariri,

Mvuvi wa dagaa wa Kibirizi au Katonga, hapa Kigoma, hukesha ziwani siku za giza, maana dagaa hufuata taa. Mbalamwezi ikikolea, mitumbwi hupumzika. Lakini tarehe ya kliniki ya VVU huandikwa kwenye kadi yake bila kuutazama mwezi. Ikiangukia gizani, analala mchana, daftari linamwandika mtoro, na dawa zikikatika wiki chache tu virusi huanza kuongezeka upya.

Dawa yenyewe haina masharti magumu: kidonge kimoja kwa siku, ndani yake tenofovir, lamivudini na dolutegravir, ule usile. Akimeze jioni kabla ya kushuka ziwani, saa ileile kila siku. Ambaye virusi vyake vimefubaa, yaani vimepungua sana mwilini kwa dawa, anaweza kupewa dawa za miezi 3 hadi 6, kwa hiyo safari zake za kliniki ni chache mno kushindwa kuzipanga.

Kuna na suala la chupa. Vidonge 90 vinacheza kama kayamba ndani ya mkoba, na kila abiria wa daladala anaijua sauti ile. Ndiyo sababu wengi huvimimina kwenye mfuko wa nailoni na kuitupa chupa karibu na geti. Kile kipakiti kidogo kinachonyonya unyevu kinatupwa nacho, na vidonge vikishinda kwenye mtumbwi vinaloa na kuharibika. Afadhali chupa ifungwe kwa kanga nzito, iwekwe katikati ya nguo. Vituo navyo viache kuwatengea wateja hawa benchi lao na siku yao. Wakae na wagonjwa wengine, waitwe kwa namba, dawa wachukulie dirisha lilelile. Sheria ya VVU na UKIMWI, Namba 28 ya mwaka 2008, inakataza unyanyapaa, lakini benchi lililotengwa linatangaza siri ya mtu kabla hajaitwa.

Kujipima mwenyewe kuliruhusiwa kwa marekebisho ya sheria ya mwaka 2019, na kwa anayeogopa kuonekana kunasaidia sana. Kwa kipimo cha mate, usile wala kunywa kwa dakika 15 kabla, pitisha kijiti mara moja fizi za juu na mara moja za chini, kitie kwenye kichupa, usome baada ya dakika 20. Mistari miwili huashiria una VVU, lakini si jibu la mwisho. Nenda kituoni ukathibitishe. Mstari mmoja huashiria huna, ila kama ulijiweka hatarini karibuni, rudia baada ya miezi 3. Na tunasisitiza hili: aliyeanza dawa asijipime. Dawa zinaweza kukifanya kipimo kionyeshe hana VVU, akaziacha akidhani amepona.

Kwa wahudumu wa mwambao wote, ombi letu ni dogo. Kabla kalamu haijagusa kadi, mwulizeni mvuvi: mwezi huu mnapumzika lini?

Wahudumu wa afya,
Kigoma