Mipangilio ya vifaa vya ugezi isiguswe na kila mkono

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo linalotokea ndani ya maabara za ugezi, yaani zile zinazohakiki usahihi wa vifaa vya kupimia, bila mtu wa nje kuliona, ingawa madhara yake humfikia kila anayetegemea mizani au kipimajoto kilichopewa cheti.

Kifaa kinachotumika kuhakiki vifaa vingine hubeba ndani yake tarakimu chache ambazo ndizo msingi wa kuaminiwa kwake. Kipimajoto rejea cha platini, kwa mfano, husomwa kwa ukinzani wake wa umeme, na ukinzani wake katika nyuzi 0 za Selsiasi huandikwa kwenye cheti kisha kuingizwa katika kifaa cha kusomea. Cheti kikisema omu (kizio cha ukinzani) 100.04, na mtu akarudisha 100.00 kwa kudhani ndiyo tarakimu sahihi, kila usomaji utakaofuata utazidi kwa takriban nyuzi 0.1. Kifaa hakitatoa onyo lolote, na vyeti vitaendelea kusainiwa.

Sisemi kwa kubahatisha. Katika maabara niliyowahi kufanyia kazi, mwenzetu aliyekuwa akitafuta mahali pa kubadili kizio cha kipimo alirudisha mipangilio ya kiwandani bila kujua. Tuligundua baada ya wiki tatu, tulipolinganisha na kipimajoto kingine, ikatubidi tuwaombe wateja warudishe vifaa vyao.

Kiwango cha kimataifa cha maabara za upimaji na ugezi, ISO/IEC 17025 cha mwaka 2017, kinaitaka maabara ichukue hatua zinazowezekana kuzuia marekebisho yasiyokusudiwa yanayoweza kubatilisha matokeo. Wengi hujibu sharti hili kwa nywila ambayo haijabadilishwa tangu kifaa kinunuliwe, au iliyobandikwa ubavuni mwa kifaa chenyewe. (Wakaguzi huridhika kuambiwa kwamba nywila ipo, sijamwona aliyeomba kuishuhudia ikimkatalia mtu.)

Wapo wanaolalamika kwamba kufunga mipangilio kunachelewesha kazi, nami nakubaliana nao kwa sehemu, kwani ikiwa hata kubadili kizio kunamsubiri msimamizi, nywila yake itajulikana na jengo zima kabla ya mwezi kwisha. Kwa hiyo fundi aachiwe vizio, skrini na muda wa kusoma, lakini tarakimu zinazotoka kwenye cheti na marekebisho ya sifuri zifunguliwe na watu wachache, kila mmoja kwa nywila yake, na kifaa kiweke kumbukumbu isiyofutika ya nani alibadili nini na lini. Vifaa vya zamani visivyo na ngazi za ruhusa vitiwe lakiri yenye namba kwenye skrubu au swichi ya marekebisho, na pale tarakimu zinapoweza kuonekana kwenye skrini, zilinganishwe na cheti kila asubuhi kabla ya kazi. Zoezi hilo halizidi dakika chache, nasi tungelifanya, tusingengoja wiki tatu.

Wako,
Fundi wa maabara ya ugezi